Kopo la Vidonge vya Baba

Siku baba yetu alipoanguka barazani, daktari wa zamu alituuliza swali moja kabla ya mengine yote: dawa zake anazitumia? Sisi watoto wake watano, wanne tukiwa tumesimama ukumbini na mmoja akisikiliza kwa simu kutoka Muscat, tulijibu kwa sauti moja kuwa anazitumia. Hakuna aliyesita. Kila mmoja wetu aliamini kuwa yuko mwenziwe anayejua kwa hakika.

Usiku huohuo dada yetu mkubwa alirudi nyumbani, Ngamiani, kuchukua shuka na kanzu safi. Katika kabati la baba akaliona kopo la biskuti ambalo tangu utotoni tulijua kuwa ndilo nyumba ya dawa. Akalichukua lilivyo, akaja nalo hospitalini, na tukalifungua kwenye benchi chini ya taa. Ndani zilikuwamo karatasi za vidonge vilivyokwisha, zimefungwa kwa mpira kumi kumi, kwa mpango wa mtu aliyefanya kazi ya ukarani bandarini kwa miaka 31. Juu ya kila furushi aliandika kwa wino mwezi na mwaka. Vidonge vya presha, ambavyo huvichukua kliniki kila mwezi, vilikuwapo na hesabu yake ilikuwa sawa. Vidonge vya lehemu, yaani kolesteroli, vilikoma. Furushi la mwisho lilikuwa la miezi 11 nyuma.

Tulitazamana, na hakuna aliyepata la kumwambia mwenziwe. Miezi 11 ni Ramadhani moja na Idi mbili. Katika muda huo tulikuwa tumekula naye, tumesafiri naye kwenda harusini Pangani, tumemshika mkono kwenda msikitini. Hatukulifungua kopo.

Tunayaandika haya kwa idhini ya mzee wetu. Ameketi nasi, amesomewa kila aya, na mahali pawili ametusahihisha. Alhamdulillahi yu hai na akili yake ni timamu, ingawa mkono wake wa kulia hauna nguvu kama zamani na tasbihi sasa huivuta kwa wa kushoto. Hatutaki kumwaibisha yeye wala kumlaumu mtu mwingine. Tunataka ndugu zetu wasomaji, hasa wale ambao wazazi wao wamefika umri wa heshima, wayajue yaliyotupita sisi tukiwa macho.

Baba aliambiwa ana lehemu nyingi akiwa na umri wa miaka 66. Hakuamini. Alikuwa mwembamba, hakuvuta sigara, na alitembea kwa miguu kwenda na kurudi msikitini mara tano. Yeye, kama wengi wa rika lake, alidhani kuwa lehemu ni maradhi ya matajiri wenye vitambi. Marehemu mama yetu ndiye aliyempeleka dukani kwa mtu tuliyemwita Ami, na Ami ndiye aliyemwelewesha.

Ami hakuwa daktari, na mtu alipomwita hivyo alimkatiza. Alikuwa mfamasia aliyesomea kazi yake, mwenye duka la dawa lenye milango miwili ya mbao, kaunta ya kioo, na daftari refu la jalada jeusi ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Duka lilifunguliwa baada ya alfajiri, likafungwa kwa swala, likafunguliwa tena. Aliyekosa fedha aliandikwa. Aliyekuwa hawezi kutembea alipelekewa dawa na kijana wa baiskeli. Vidonge alivitia katika bahasha ndogo ya kaki, na juu yake akaandika kwa mkono majina ya wakati: asubuhi, adhuhuri, usiku. Kila mwezi, kabla hajaifunga bahasha, alimuuliza baba maswali mawili yaleyale: mzee wangu, misuli ya miguu haikuumi? Na mkojo una rangi gani? Baba alizoea kutusimulia maswali hayo kwa kicheko, akisema Ami anauliza mambo ya choo mbele za watu. Ilituchukua miaka mingi, na kitanda cha hospitali, kuelewa kwa nini aliuliza.

Ami ndiye pia aliyempa baba saa ya kumeza. Alimwambia kuwa kidonge hiki kilicho chake ni cha usiku, na akiogopa kusahau basi akimeze pale taarifa ya habari ya jioni inapoanza redioni. Baba alikuwa mtu wa redio. Alikuwa na redio ya masafa mafupi, yenye waya mrefu uliopitishwa dirishani hadi kwenye mpapai, na kila jioni alisikiliza idhaa moja ya mbali kwa Kiswahili. Muziki wa kufungulia taarifa ulipoanza, mama aliingia na bilauri ya maji. Baada ya mama kutangulia mbele ya haki, baba alijiwekea bilauri mwenyewe kabla ya muziki. Kidonge kile, basi, kilitundikwa juu ya misumari miwili, duka la Ami na taarifa ya jioni.

Msumari wa kwanza ulipong'oka hatukuhisi kitu. Ami alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanawe wako mbali na kila mmoja ana shughuli zake, na nyumba ikauzwa, jambo ambalo ni haki yao. Leo mahali pale pana jengo jipya la ghorofa tatu, chini panauzwa simu na kutolewa fedha. Sisi wenyewe tumetoa fedha pale mara nyingi. Hatukujiuliza hata siku moja zile kurasa za daftari jeusi zimekwenda wapi, na wale waliokuwa wakiandikwa humo wananunua wapi dawa zao.

Msumari wa pili uling'oka miezi michache baadaye. Idhaa ile iliacha kurusha matangazo kwa masafa aliyoyajua baba. Tuliambiwa kuwa vipindi sasa vinapatikana kwenye simu. Kijana wetu mmoja alimwekea baba programu katika simu, akamwonyesha pa kubonyeza, akaenda zake. Baba alibonyeza siku tatu, kisha akaiweka simu kifudifudi. Redio ilibaki pale mezani, na kila jioni aliiwasha, akazungusha kitufe, akasikiliza mvumo, akazima. Tuliliona hilo pia. Tulidhani ni ukaidi wa uzee.

Mambo haya hayakutokea mtaani kwetu peke yake. Watu wa umri wetu wamezika majina mengi waliyodhani ni ya kudumu. Maduka ya RTC, ambayo wazazi wetu walipangia foleni ya sabuni na sukari, yamebaki katika mazungumzo tu. Uchumi, duka kubwa la Kenya, lilitangaza Oktoba 2015 kuwa linafunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt, iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilifikia mwisho Januari 2020 pale waliokuwa wakiidai walipopiga kura ifungwe. Katika redio, idhaa ya Kiarabu ya BBC iliyoanza Januari 3, 1938 ilinyamaza Januari 27, 2023, baada ya miaka 85, na ndugu yetu wa Muscat alitupigia simu siku hiyo kana kwamba anatoa taarifa ya msiba. Machi 2025 ikawa zamu ya Sauti ya Amerika, wafanyakazi wake walipoambiwa wabaki nyumbani na matangazo ya lugha nyingi yakakatika.

Kila kufungwa kuna sababu yake, madeni, siasa, teknolojia, au mwenye mali kufariki. Anayesoma habari hizo huhesabu ajira zilizopotea na majengo yaliyobaki matupu, na ni sawa kuhesabu hivyo. Lakini ziko hasara nyingine zisizoingia katika hesabu za mfilisi. Duka la zamani huwa limeshikilia mambo ambayo si biashara yake. Limeshika kumbukumbu ya nani anaumwa nini. Redio huwa imeshika saa ya kumeza dawa ya mzee mmoja ambaye watangazaji hawakuwahi kumjua. Vitu hivi havimo katika orodha ya mali inayopigwa mnada.

Baba alipopata nafuu ya kusema, tulimuuliza kwa upole kwa nini aliacha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sikuwa naumwa. Na Ami hakuniambia niache, lakini hakuwepo tena wa kuniambia niendelee."

Kidogo kidogo tukaipata habari yote. Baada ya duka kufungwa alikwenda peke yake kwenye famasi moja ya mjini. Wakamwomba cheti cha daktari. Alikuwa nacho, lakini ni cha miaka mingi, maandishi yamefifia, kwa kuwa Ami hakuwa na haja ya kukitazama kila mwezi. Wakamwambia akachukue kingine hospitali. Kwa utaratibu walikuwa sahihi. Alikipata cheti kipya baada ya kushinda kwenye foleni toka asubuhi, akarudi, wakampa dawa. Lakini sanduku lilikuwa na jina jingine na vidonge vilikuwa vya rangi nyingine. Alizoea vyeupe, akapewa vya waridi. Akauliza, akajibiwa kwa haraka, kwani nyuma yake walikuwapo watu, kuwa ni dawa ileile. Hakusadiki. Alidhani wameona ni mzee wakampa kilichopo. Akavirudisha.

Wiki ile ile mtu akamtumia kwenye simu kipande cha sauti. Tumekisikiliza. Msemaji hajitaji jina wala alikosomea. Anasema, kwa sauti ya kujiamini na kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu mara kwa mara, kuwa vidonge vya lehemu vimebuniwa na makampuni ili kuua ini la Mwafrika, na kwamba unga fulani anaouuza yeye husafisha mishipa kwa siku 21. Baba hakuununua unga, lakini maneno yaliingia mahali palipokuwa wazi. Mfamasia wake alikuwa amefariki, redio yake imenyamaza, na gazeti lililokuwa na ukurasa wa daktari anayejibu barua za wasomaji lilikuwa limeacha kuchapishwa zamani. Ndani ya mfuniko wa lile kopo tulikuta kipande cha gazeti hilo, kimebandikwa kwa gundi, kinaeleza lehemu ni nini. Karatasi imekuwa ya manjano. Hiyo ndiyo sauti ya mwisho yenye elimu iliyozungumza naye kuhusu maradhi yake, nayo ilikuwa haiwezi kuulizwa swali.

Kwa hiyo tulijifunza sisi, tumechelewa, ili tuweze kuulizwa. Tunayaeleza hapa kwa ufupi kwa manufaa ya nyumba nyingine.

Lehemu si sumu. Ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, kwa kuwa hutumika kujenga kuta za chembe hai, kutengeneza baadhi ya homoni, nyongo na vitamini D. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini lenyewe, haitoki sahanini. Ndiyo maana mtu mwembamba anayekula kwa kiasi anaweza kuwa nayo nyingi, kama baba. Chakula kina athari, na daktari alituambia tupunguze samli, ngozi ya kuku na mafuta yanayoganda, na tui zito lisiwe la kila siku, lakini kwa baadhi ya watu hilo halitoshi. Ile inayobebwa na chembe ziitwazo LDL ikizidi, huanza kujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu, ikajenga utando mwaka baada ya mwaka. Haiumi wala haiwashi. Mtu huweza kuibeba kwa miaka 20 akiswali kwa wima wake. Kisha siku moja utando unapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba. Ukiziba moyoni ni shambulio la moyo, na ukiziba kichwani ni kiharusi.

Dawa alizokuwa akimeza baba ni za jamii iitwayo statini, na habari ya kugunduliwa kwake ilitushangaza. Mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, mtoto wa wakulima, alianza mwaka 1971 kutafuta katika kuvu, jamii ya ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala, kitu kitakachozuia mwili kutengeneza lehemu. Yeye na wenzake walipima aina zipatazo 6,000. Mwaka 1973 walikipata, katika kuvu wa kibuluu uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Kitu hicho hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu. Ini likiona upungufu, huvuta LDL kutoka katika damu, na kiwango kinashuka. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 90.

Je, zinaokoa maisha? Swali hilo lilijibiwa kwa uwazi mwaka 1994. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa simvastatini na nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo. Baada ya miaka inayozidi kidogo mitano, katika waliopewa kidonge kitupu walikufa 256, na katika waliopewa dawa walikufa 182. Watu 74 ndio tofauti. Dawa haikuondoa mauti, na hakuna dawa iondoayo ajali iliyoandikwa. Lakini watu 74 ni msikiti mdogo uliojaa.

Na madhara, je? Yapo, na anayekana anadanganya kama anayetia chumvi. Baadhi ya watu hupata maumivu ya misuli. Kwa nadra sana misuli huharibika vibaya, na dalili yake mojawapo ni mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndipo tulipolielewa swali la Ami. Alikuwa akimlinda baba kila mwezi, kwa sentensi mbili, na sisi tukicheka. Dawa moja ya jamii hii, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani mwaka 2001 kwa sababu ya madhara hayo. Ini nalo hupimwa kwa damu, na mwenye maradhi ya ini humweleza daktari. Mama mjamzito kwa kawaida huambiwa aache. Baadhi ya viuavijasumu, na juisi ya balungi kwa wingi, huongeza nguvu ya baadhi ya statini mwilini, hivyo daktari aambiwe dawa zote zinazotumika, zikiwamo za miti shamba.

Lakini si kila maumivu ni ya dawa. Mwaka 2020 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio la watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima walipewa, mwezi huu dawa, mwezi mwingine kidonge kitupu, mwezi mwingine wasipewe kitu, wala hawakujua kidonge kipi ni kipi. Ilionekana kuwa asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa dawa waliupata pia kwa kidonge kitupu. Usumbufu ulikuwa wa kweli, lakini mara nyingi uliletwa na hofu. Tulipokisikiliza tena kile kipande cha sauti baada ya kujua hayo, tulielewa kuwa maneno nayo yanaweza kuumiza miguu.

Na zile rangi za vidonge? Mfamasia mmoja kijana alituonyesha. Katika kila sanduku liko jina kubwa la kibiashara, na chini yake kwa herufi ndogo liko jina la dawa yenyewe. Haki ya kampuni kuimiliki dawa peke yake ikimalizika, kama ilivyomalizika Marekani kwa atorvastatini mwaka 2011, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, kila kimoja kwa jina na rangi yake, na bei hushuka. Dawa ni ileile, na herufi ndogo ndizo za kusoma. Kama mtu angechukua dakika mbili kumwonyesha baba herufi hizo, pengine asingevirudisha vidonge. Mtu huyo si lazima awe muuzaji. Angeweza kuwa mmoja wetu, lakini hatukwenda naye.

Tulimuuliza daktari, faraghani, kama baba alipata kiharusi kwa kuwa aliacha dawa. Alikuwa mwadilifu. Alisema hakuna anayeweza kulisema hilo kwa mtu mmoja. Baba ana presha na ana umri, na wapo wanaomeza kila siku wakapatwa. Alisema tu kuwa kuacha bila kumwambia mtu kunaondoa kinga iliyokuwapo. Jibu hilo halikututuliza, wala hatukuomba litutulize.

Ami mdogo, ndugu wa baba, alituambia pale hospitalini kuwa ni kadari na tusijisumbue. Ni kadari, tunaamini, na kwa hilo moyo unapata pa kuegemea. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituagiza kutafuta matibabu, na alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Sisi tulitegemea na kamba tukaiacha chini. Na kuhusu wazazi, Qur'ani imetuamrisha wema kwao wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Tulikuwa tukidhani wema huo ni kanzu ya Idi, nauli ya safari na kuamkia shikamoo kwa sauti ya chini. Sasa tunaona kuwa kufungua kopo na kuhesabu ni sehemu yake.

Mambo tuliyoyabadilisha ni madogo. Kidonge hakingoji tena redio. Daktari ametuambia kuwa hiki anachotumia sasa, atorvastatini, kinaweza kumezwa saa yoyote maadamu ni saa moja kila siku, tukachagua baada ya Isha, kwa kuwa Isha haihamishwi wala haifilisiki. Katika Ramadhani haitubidi kubadili kitu, kwani kinamezwa mara moja kwa siku na usiku ni mrefu. Kila mwezi mmoja wetu ana zamu ya kununua, na aliyenunua hupiga picha ya sanduku, herufi ndogo zikionekana, akawatumia wote hadi Muscat. Cheti kipya tunakiomba kabla cha zamani hakijachakaa. Mjukuu wa miaka tisa ndiye mwenye kazi ya kuandika mwezi na mwaka juu ya furushi, kwa kuwa mkono wa baba hauandiki vizuri. Na mwishoni mwa mwezi, ndugu mwenye zamu humuuliza baba maswali mawili ya Ami. Mara ya kwanza baba alipoyasikia alicheka kisha akalia, na sisi tukaangalia chini.

Daftari jeusi tulijaribu kulitafuta. Mmoja wa wanawe Ami alitupokea simu kwa ukarimu, akasema vitabu vya duka vilichomwa wakati wa kuhama, kwa kuwa vilikuwa na siri za watu na hakutaka vitupwe jalalani. Alifanya la kiungwana. Tukamwuliza kama anakumbuka walikuwa watu wangapi humo. Akasema hakuwahi kuhesabu, lakini daftari lilikuwa la kurasa 200, na lilikuwa la tatu.

Tunazifikiria kurasa hizo. Wengine bila shaka walipata duka jingine na mambo yao yakaendelea. Lakini wako wazee mtaani petu ambao nao hawakuambiwa na mtu waendelee. Kwa hiyo baba mwenyewe, kabla hatujamaliza kuandika, alituomba tuongeze neno moja kutoka kwake. Anasema: leo baada ya swala ya Ijumaa, kabla ya chakula, mwambieni mzee wenu alete kopo lake. Msimuulize kama anatumia, kwani atasema ndiyo. Mwombeni alifungue, mhesabu pamoja naye.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, amrehemu Ami na wote waliokuwa wakituuliza hali zetu, na atujaalie tuwe sisi wenye kuuliza. Amin.